Alama Yangu kwenye Mukula

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya misitu nilimpiga mtu wa makala, yaani makaa ya kuuza. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye mifuko minne, akitokea upande wa Kipushi, na jasho lilikuwa limemchora mistari usoni katikati ya vumbi jeusi. Hakuwa na karatasi. Mkuu wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kizuizi, aliniangalia tu, nikaelewa kwamba ananipima. Nikachukua panga nikapasua mifuko yote minne. Makala yakamwagika barabarani, na yule mtu alipoinama kuyazoa nikampiga kiunoni kwa ubapa wa panga. Akalia, "Chef, batoto batalala na njaa!" Nikampiga tena. Nisiseme uongo, nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimesoma habari za miti kwa miaka mingi, na hatimaye palikuwa na mtu anayeniogopa kwa sababu ya miti hiyo.

Hasira hizo sikuzianza mimi. Nyumbani kwetu Kamalondo msitu ulikuwa kazi ya fimbo tangu enzi za babu. Babu aliletwa kutoka kaskazini ya Katanga kwa treni, akidhani amepata kazi ya relini, kumbe alikuwa anapelekwa Kambove kukata miti ya kushikilia paa za migodi na kuni za tanuri za shaba. Kila jioni msimamizi alipima rundo la kila mtu kwa kijiti. Rundo likiwa fupi kuliko kijiti, kijiti hichohicho kilihamia mgongoni. Babu alizeeka na makovu yale, na alipooga uani sisi wajukuu tuliyagusa kwa vidole huku tukibishana ni lipi refu zaidi. Yeye alicheka. Alisema makovu mengine ni ya mininga na mengine ni ya musamba, kulingana na mti aliokuwa anakata siku hiyo.

Miti ya kuzunguka mji ilipokwisha, serikali ikakumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa kupanda. Ikapanda mikaratusi kwa mistari, ikamweka baba yangu kuilinda. Baba alipewa kofia, filimbi na mjeledi. Kazi yake ilikuwa kuwachapa wanawake wanaokuja kuokota kuni, na siku moja alimchapa msichana wa kijiji cha jirani, mtu wa wenyeji wa hapa waliokuwepo kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Msichana huyo hakukimbia. Alimtupia kipande cha ukuni kikampata jichoni. Ndivyo baba na mama yangu walivyofahamiana.

Baba alipopeleka posa, kaka mkubwa wa mama alimpokea mlangoni kwa ngumi, akamng'oa jino la mbele, kisha akamwambia sasa wako sawa, aingie wale bukari, ugali wetu. Huyo ndiye mjomba wangu. Ninaandika haya kwa ajili yake.

Mjomba alikuwa mchoma makala. Alijenga tanuri lake kwa magogo na udongo, akalilinda siku nyingi kama mtu anayeuguza mgonjwa, na mikono yake haikuwa na unywele hata mmoja kwa sababu ya moto. Alinipenda kwa ukali. Kwao, mwipwa, yaani mtoto wa dada, ni mtu wa pekee: anaweza kuchukua kuku wa mjomba bila kuomba, na kwa upande wake hana ruhusa ya kukataa kazi chafu ya mjomba. Mjomba akifa, mwipwa ndiye anayechimba kaburi. Tangu nikiwa mdogo mjomba alinipiga makofi ya kisogoni akiniambia, "Mwipwa, unakula bakuku yangu, ile siku utachimba mingi."

Nilipoanza kazi ya misitu hakunisemesha kwa muda mrefu. Alijua ninachofanya kizuizini kwa watu kama yeye.

Kilichotupatanisha ni sheria. Sheria za misitu za nchi hii nimezisoma zote, nyingine nimezikariri kwa ajili ya mitihani. Kwanza miti ilikuwa ya mwenye tanuri la shaba. Baadaye ikawa ya serikali, halafu ikaambiwa ni mali ya raia wote, maana yake ni mali ya anayewahi na lori. Karatasi ilibadilika, fimbo ikabaki. Kisha ikaja sheria iliyosema kijiji kinaweza kuwa na msitu wake wenyewe, wenye mipaka na kamati, na hakuna wa kukata humo bila wenyewe kukubali. Mimi niliiamini sheria hiyo. Niliiamini kama mlokole wa juzi, na hakuna anayechosha kuliko mlokole wa juzi.

Nikapanda pikipiki nikaenda kwa mjomba. Nilikaa naye uani nikamweleza mpaka akaanza kuuliza maswali, na mjomba akiuliza maswali ujue amekubali. Tulizunguka mpaka wa msitu kwa miguu, yeye mbele na panga, mimi nyuma na rangi nyekundu. Faili likazunguka maofisini, nami nikalisukuma kila wiki. Siku karatasi ilipotoka nilimletea mwenyewe. Aliishika kwa ncha za vidole asije akaichafua kwa makala. Akaniuliza, "Sasa bakikuya na bunduki, hii karatasi itasema nini?"

Nikamjibu, "Itasema ni ya yenu. Na miye niko."

Mjomba aliacha kuchoma upande wa bonde, ambako mukula ilikuwa imejaa. Mukula ni mti mwekundu ndani. Ukiukata unatoa utomvu unaofanana na damu kabisa, na wageni waliouona ukichuruzika waliruka nyuma. Zamani hatukuujali. Kisha huko ng'ambo ya bahari wakaupenda kwa ajili ya viti na vitanda, na porini kwetu zikaanza kusikika mashine za kukatia. Serikali ikapiga marufuku, ikaruhusu, ikapiga marufuku tena. Kila marufuku ilipotangazwa, malori yaliongezeka.

Walifika kwa mjomba mwezi wa kiangazi, wakataji watano na mashine zao, watu wa tajiri mmoja wa mjini ambaye hatukuwahi kumwona sura. Walikata kwa siku mbili kabla ya kijiji kuwasikia, kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma upande mwingine. Siku ya tatu watu walishuka bondeni na mapanga, na walikuwa na hasira ya watu wenye karatasi. Watatu walikimbia. Wawili walikamatwa, wakafungwa kwenye shina la mutondo kwa mipira ya baiskeli, wakapigwa. Nilipofika mmoja alikuwa hawezi kufungua macho, na mwingine alikuwa anatema meno yake moja moja kana kwamba anatema mbegu. Shangazi mmoja, mama mtu mzima wa kwaya ya kanisa, alikuwa bado anampiga kwa ndala. Niliwafungua wale vijana. Naona aibu kusema kwamba niliwafungua polepole.

Vigogo vyote vilikuwa vimeburutwa mpaka kando ya barabara, vimepangwa vizuri, tayari kwa lori. Mjomba alikuwa amekaa juu ya rundo, shati limepasuka, anapumua kwa kelele. Aliponiona akainuka.

"Mwipwa, umekuya. Bon. Tubipasue hivi bigogo, tubichome. Leo leo. Bakirudia bakute makala."

"Hapana, yomba. Hii iko preuve, ushahidi. Ukichoma, tribunal itaona nini?"

"Itaona majivu. Majivu haina mwizi."

"Yomba, sheria inasema tunapiga marque, alama ya serikali, bigogo binabakia pa place."

"Sheria inasema," akanirudia, na wanakijiji wakacheka.

Hapo hasira ikanipanda. Mbele ya watu wake wote nilimwambia mjomba wangu kwamba yeye ni mtu wa porini, amezoea kuchoma kila anachokiona, ndiyo maana nchi hii haiendelei. Mjomba aliniangalia, mkono wake wa kulia ukajikunja, nikajua kofi linakuja. Halikuja. Alikaa tena chini, akasema taratibu, "Weye njo mwenye ulisoma. Piga."

Nikafungua mfuko wangu nikatoa nyundo. Kila mtumishi wa misitu aliyeapishwa anayo moja: upande mmoja shoka dogo la kubandua gamba, upande wa pili herufi za chuma na namba yake mwenyewe. Nilibandua na kupiga, kubandua na kupiga, kila kigogo pande zote mbili, mpaka bega likafa ganzi. Utomvu mwekundu ulinirukia usoni na kwenye shati. Kila pigo lilinifurahisha. Watoto walihesabu kwa sauti. Nilipomaliza, nilimwambia mjomba kwamba kuanzia sasa vigogo vile viko chini ya ulinzi wa dola, na atakayevigusa atakuwa ameigusa dola yenyewe. Nilisema hivyo, kwa maneno hayohayo.

Msomaji asiyefanya kazi yetu hawezi kuliona kosa langu, ila mwenzangu yeyote wa misitu ameshashika kichwa. Nyundo ile ina kazi mbili. Inapigwa kwenye mti uliokamatwa ili mwizi asiuguse. Inapigwa pia kwenye mti halali ili upite njiani. Alama ni ileile. Kinachotofautisha ni karatasi iliyo ofisini, na kizuizini hakuna anayesoma karatasi ya ofisini. Sisi tuliangalia uso wa kigogo: alama ipo, pita, alama haipo, shuka tuongee. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka. Siku ile bondeni nilichukua vigogo vya wizi, vilivyokwisha kukatwa, kuburutwa na kupangwa kando ya barabara, nikavipa pasi ya kusafiria. Mzee yeyote wa kazi angempa mjomba kiberiti.

Nilirudi kizuizini, nikaandika ripoti ndefu yenye kurasa nzuri. Siku ya nne, saa sita mchana, lilikuja lori.

Lilikuwa na turubai, na juu ya turubai walikaa watu wanne wenye bunduki na nguo za kijani zisizo na alama ya kikosi. Nilifunua turubai nyuma, kwa mazoea tu. Nikaona namba yangu. Nikaona namba yangu tena, na tena, vigogo vyote vimepangwa uso ukitazama nje ili nisihangaike kutafuta. Kwenye kigogo cha chini palikuwa na wekundu mbichi uliopakazwa, na kitambaa cha shati kimenasa kwenye gamba. Nilijiambia ni utomvu. Lakini utomvu wa mukula uliokaa juani siku nne huwa umekauka na kuwa mweusi, na hilo nalijua kuliko mtu yeyote.

Nilikwenda mbele nikamwomba aliyekaa karibu na dereva karatasi ya kusafirishia. Alikuwa anakula mkate. Alinishika kola bila kuuweka mkate chini, akanivuta mpaka pua yangu ikagonga mlango, na mmoja wa wale wa juu akashusha bunduki yake, mtutu ukanigusa sikioni. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua.

Mkuu wangu aliita kutoka kwenye kiti chake, "Marque ni ya nani?"

"Ya yangu, chef."

"Alors? Unasumbua bantu juu ya nini?"

Ningeweza kukataa. Nimeifikiria nafasi ile ya dakika moja mara nyingi, nikiwa kanisani, nikiwa nanyoa ndevu. Mimi niliyekuwa simba mbele ya baiskeli nilihisi mkojo ukinitoka, nikakumbuka ule usemi, mwenye nguvu mpishe, nikauendea ule mti wa kizuizi nikauinua kwa mikono yangu. Yule wa mkate akasema, "Merci, chef." Lori likapita na nikaushikilia mti juu hata baada ya vumbi kutulia, kwa kuwa sikujua nifanye nini na mikono.

Simu ya binamu yangu, mtoto wa mjomba, ilikuja nikiwa bado nimesimama. Wale wa lori walikuwa wamefika kijijini asubuhi. Wanakijiji walikataa kupakia. Mjomba alipanda juu ya rundo, akaketi, akawaambia vigogo hivi vina nyundo ya dola, mwipwa wake ameipiga, wasome. Wakacheka. Walimshusha kwa vitako vya bunduki, wakampiga mbavuni na mgongoni, kisha wakawapanga vijana wa kijiji kwa foleni na kuwalazimisha kupakia huku wakiwachapa kwa nyaya. Mjomba alitambaa, akashika kigogo cha chini kwa mikono yote miwili na hakukiachia. Mmoja wao akaliondoa gogo la kuzuilia rundo. Rundo likaporomoka. Walichukua vigogo vyao kutoka juu ya mguu wake kimoja kimoja bila haraka, na binamu yangu alilazimishwa kuinua kile cha mwisho.

Mjomba alifikishwa hospitali ya mjini akiwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye nyumba. Daktari aliukata mguu wa kushoto juu ya goti. Asubuhi muuguzi alitoka na kitu kimefungwa ndani ya shuka ya kijani, akauliza nani wa familia atapokea, kwa sababu hapa kwetu mguu wa mtu hautupwi jalalani. Binamu zangu waliokuwepo walinigeukia. Mwipwa ndiye anayechimba.

Ulikuwa mzito. Sikutegemea uzito ule. Niliufunga nyuma ya pikipiki kwa mipira, nikaendesha kwenye barabara ileile, nikapita kizuizini kwangu, na wenzangu wakanipungia mkono wakidhani ninapeleka nyama.

Kabla sijafika bondeni nilisikia mashoka. Kijiji kizima kilikuwa humo, wanaume na wanawake, wanaangusha kila kitu, mukula, mutondo, musamba, hata miche ya ukubwa wa mkono. Tanuri zilikuwa zinafuka moshi kila upande. Rangi yangu nyekundu ya mpakani ilikuwa imelala chini pamoja na miti yake. Nilipiga kelele kwamba wasimame, kwamba msitu ni wao, wana karatasi! Binamu yangu aliyeinua kigogo cha mwisho alinijia na shoka begani, mikono yake imevimba kwa nyaya.

"Iko ya yetu, njo maana tunakata," alisema. "Tukiacha, batarudia kuikamata, na batatuua juu yayo. Weye zika mguu ya baba, uende. Ukiongeza neno, nitakuzika nayo."

Alikuwa anamaanisha. Nilichimba mahali nilipoachiwa, katikati ya visiki, na udongo ulikuwa umejaa mizizi. Kila nilipopiga, jembe lilikwama, na nilitumia muda mrefu kukata mizizi kuliko kuchimba. Niliuweka mguu ukiwa umeelekea kijijini. Nilitaka kusali, lakini mti ulianguka karibu yangu, nikaruka, nikafukia haraka.

Jioni nilirudi hospitali. Mjomba alikuwa ameamka, midomo imepasuka, macho makali kama zamani. Aliwaambia binamu zangu watoke nje.

"Uliuweka wapi?"

"Mu bonde, yomba. Kule kwa mukula."

Akatikisa kichwa kukubali. Akafumba macho, nikadhani amelala. Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyapanga njia nzima, kuhusu kesi tutakayofungua na mwanasheria ninayemjua. Akafungua macho.

"Balipita ku bariere yako?"

"Ndiyo, yomba."

"Uliona namba yako?"

"Niliona."

"Nani alifungula?"

Niliangalia mahali ambapo shuka ilikuwa imelala bapa kitandani.

"Ni miye."

Aliinua mkono. Alikuwa hana nguvu, sindano ya maji ilikuwa bado imefungwa kwenye mshipa, na kofi lilinigusa shingoni tu. Alijaribu mara ya pili, hakunifikia, akaanza kulia kwa hasira, mtu ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikasogeza uso wangu karibu naye, nikaushika mkono wake chini ya kiwiko ili asichoke. Akanipiga. Nikaungoja mkono ushuke, nikauinua tena.